Kuhesabu kwa Mwendo wa Tone

Obadia alifika vidole vinne na saba, kisha akacheka na pumzi ikamponyoka. Aliomba kurudia. Nilitikisa kichwa nikaandika arobaini na saba kwenye daftari, kwa sababu arobaini na saba ilikuwa zaidi ya kutosha, na miguu yangu ilikuwa imechoka kusimama kwenye sakafu ile ya baridi.

"Mwalimu, unanionea," alisema.

Aliniita Mwalimu kwa utani, kwa sababu niliishia darasa la tano. Wengine walicheka. Nami nilicheka kidogo nikiangalia daftari, maana sijawahi kuwa mwepesi wa kujibu.

Walikuwa watu kumi na mmoja mbele yangu, ukumbini, karibu na mlango wa chuma wa Ghala la mbegu. Nje majani yalikuwa meupe kwa barafu ya alfajiri. Mimi nilivaa makoti mawili na blanketi juu yake. Wao walivaa fulana, na baadhi yao walijipepea kwa mkono.

Mtu alisimama mbele yangu, akavuta pumzi moja, akahesabu kwa sauti kuanzia moja hadi kumi, kisha akaanza tena moja, bila kuvuta hewa nyingine. Kila kumi mimi nilikunja kidole. Vidole viwili, yaani ishirini, vilikuwa ruhusa ya kuingia. Chini ya hapo ningetakiwa kuchukua ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwangu, kiduara cha chuma kama kifungo cha koti, niuweke kooni mwa yule mtu na kuzima kipasha chake. Kwa miaka miwili sikuwa nimezima hata kimoja. Ufunguo ulikuwa bado unang'aa.

Wa mwisho alikuwa Tulinagwe. Yeye alikuwa wa mwisho kila siku, kwa sababu wenzake walipenda kumsikiliza. Alifungua kifungo cha juu, akavuta hewa, na namba zikatoka kinywani mwake kama mahindi yanayopukuchwa na mashine. Nilikunja vidole vitano vya mkono mmoja, nikaanza mkono wa pili, akaishia mbili. Sitini na mbili. Watu walipiga makofi.

"Dada Tuli angehesabu mbegu zote za humu kabla ya chai," alisema Obadia.

 Tuli alikuwa amegeukia ukuta, amejishika kiuno, na mabega yake yalipanda na kushuka. Jasho lilimtiririka nyuma ya sikio. Niliandika sitini na mbili. Halafu nikambana kidole kwa kile kimashine kinachopima oksijeni ya damu, kikaonyesha tisini na saba kwa rangi ya kijani, kama kawaida. Wakaingia.

Tulinagwe ni dada yangu, tumbo moja. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano na yeye alikuwa na miaka kumi na saba. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa mama.

*

Ghala limechimbwa ndani ya mlima. Humo kuna vyumba tisa vya mbegu, na baridi yake ni ya kugandisha mate mdomoni. Baada ya ile miaka saba ya ukame, wilaya nzima zilikuwa hazina tena mbegu ya kupanda isipokuwa iliyowekwa humu. Mbegu zinatakiwa kugeuzwa, kukaguliwa, kuhamishwa, na umeme wa kupasha watu joto haupo, wote unakwenda kwenye kuzipa mbegu baridi. Makoti mazito yaliyoletwa mwanzoni yalichakaa. Yalibaki matatu. Ndipo Baraza la Mbegu likaleta vipasha.

Kipasha ni kitu kidogo kama punje ya kunde. Kinawekwa chini ya ngozi ya koo, juu ya tezi ya shingo. Daktari Hobokela, aliyenifundisha kazi hii kwa siku tatu kabla hajarudi mjini, alinichorea ile tezi kama kipepeo aliyekumbatia koromeo. Alisema tezi hiyo ndiyo inayouambia mwili uwake kiasi gani. Kipasha kinaigongagonga, nayo inamwaga homoni nyingi kuliko kawaida, na mwili mzima unawaka kama jiko lililofunguliwa mlango. Mtu anapata joto. Anafanya kazi haraka. Anakula ugali wa watu watatu na bado suruali inamvuka.

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi tunapima pumzi na si joto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza kitu. Aliweka kalamu chini, akasema jiko linalowaka sana linataka hewa nyingi na linatoa moshi mwingi. Mwili nao ni hivyo hivyo: unataka oksijeni zaidi, unatengeneza hewa ya ukaa zaidi, na mapafu yanalazimika kukimbia ili kuitoa. Hilo peke yake mtu kijana anaweza kulistahimili. Tatizo ni kwamba moto ule ukikaa muda mrefu unaanza kula minofu. Unakula ya mapaja, ya mabega, na mwisho unakula hata ule mnofu mpana ulio chini ya mapafu, kiwambo, ambao ndio unaovuta pumzi. "Kwa hiyo kazi ya kupumua inaongezeka," alisema, "na mfanyakazi wake anadhoofika. Damu itaonyesha oksijeni nzuri mpaka siku ya mwisho. Usiitegemee ile mashine. Tegemea sikio lako."

Nilikubali. Nilidhani nimeelewa.

*

Wiki ile maji yalikuwa yameingia chumba cha saba. Chemchemi ya ndani ya mlima ilikuwa imepasua ukuta, na kila siku maji yalipanda kidogo. Mzee Mwakisu, msimamizi wetu, alipima kwa fimbo akasema zimebaki siku sita. Siku ya sita mlango wa chumba cha saba ungezibwa kwa zege, la sivyo maji yangeingia cha nane na cha tisa. Ndani mlikuwa na madebe elfu moja na mia mbili ya mbegu, na kila debe lilitakiwa kubebwa begani kupanda ngazi mia moja na kumi na mbili hadi chumba cha pili. Lifti ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita.

Kwenye safu ya nyuma kabisa ya chumba hicho kulikuwa na madebe manane ya kijijini kwetu. Maharage ya kahawia yenye doa jeupe, ambayo mama alikuwa anayapanda nyuma ya nyumba. Hayapo mahali pengine popote. Kijiji chenyewe hakipo tena, watu wametawanyika, lakini Tuli alikuwa na orodha ya waliko, na alisema mvua zikitulia miaka miwili mfululizo atawaita warudi. Alisema hivyo kwa kawaida tu, kama mtu anayesema atafua kesho.

Zamu yao ilianza asubuhi na kuisha saa saba mchana, kisha walilala. Nilikuwa nalala chumba kimoja na Tuli. Mchana ule wa kwanza wa kuhamisha madebe nilimkuta amelala ameketi, mgongo umeegemea ukuta, mito miwili na gunia tupu nyuma yake. Nilikumbuka kwamba sijamwona amelala chali kwa miezi mingi. Nilikuwa nimemuuliza zamani, akasema anapenda hivyo. Sasa nilimtazama koo. Rovu, ule uvimbe wa tezi, lilikuwa limetuna pande zote mbili za koromeo, na kila alipovuta hewa kulitoka mluzi mdogo, kama mtu anayepuliza chai kwa mbali. Juu ya mfupa wa kifua palikuwa na kishimo, likizama na kujaa, likizama na kujaa.

Nilihesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani. Thelathini na mbili kwa dakika, naye amelala. Nilihesabu zangu. Kumi na tano.

Nilikaa pale nimeshika magoti. Nilijiambia kwamba asubuhi alifika vidole sita. Mtu wa vidole sita hawezi kuwa anakosa pumzi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukicheza mchezo huo huo wakati wa kupalilia, nani atahesabu mbali zaidi kwa pumzi moja, na mimi ndiye niliyekuwa nashinda, kila mara, mpaka anakasirika. Yeye hakuwahi kunifikia.

Nilitoka nikaenda ukumbini. Hapakuwa na mtu. Bomba la juu ya mlango, la kutolea maji ya chumba cha saba kwa pampu, lilikuwa linavuja, tone, tone, kwenye ndoo. Nilivuta pumzi nikahesabu mwenyewe, polepole kama ninavyosema siku zote, na bila kukusudia nikawa nafuatana na matone. Nilifika ishirini na saba.

Nikajaribu tena, safari hii nikiiga namna wao wanavyohesabu, mbio mbio, ulimi ukigonga meno. Nilipita vidole tisa na nikaishiwa vidole vya kukunja.

Nilirudi chumbani nikachukua daftari na ile karatasi ya maelekezo aliyoniachia daktari. Mimi kusoma nasoma, ila kwa kidole. Nilipitisha kidole chini ya mstari wa nne. Uliandikwa: mfanyakazi ahesabu kwa sauti, kwa mwendo wa kawaida, bila kuvuta pumzi ya pili, afike ishirini. Mstari huo nilikuwa nimeusoma siku ya kwanza nikaupita. Mwendo wa kawaida, nani asiyejua?

Lakini wa nani? Nilifungua daftari mwanzo. Mwezi wa kwanza Obadia alikuwa ishirini na nne, Tuli ishirini na tano. Mwezi wa tano, thelathini. Mwaka wa pili, arobaini, hamsini. Kila mwezi namba zilipanda, na kila mwezi nilifurahi. Mzee Mwakisu alikuwa amezituma kwa Baraza, na Baraza likaandika barua ya pongezi iliyobandikwa jikoni. Hatukuona ajabu, kwa sababu kila mtu humu anasema haraka, anatembea haraka, anatafuna haraka. Kipasha kinafanya hivyo. Walivyozidi kuugua ndivyo walivyozidi kuhesabu haraka, na mimi nilikaa pale kila asubuhi nikikunja vidole na kuwapigia makofi moyoni.

*

Jioni nilimwita Obadia kwenye ndoo. Nilimwambia ni mchezo. Ahesabu, lakini kila namba isubiri tone lake.

Alisimama akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi, akanikonyeza. Moja, mbili, tatu. Alipofika nane tabasamu lilikuwa limekwisha. Kumi na tatu aliisema kwa mnong'ono. Kumi na nne haikutoka, akavuta hewa kwa kelele na kushika ukuta.

Alibaki ameangalia ndoo. Halafu akauliza, bila kuniita Mwalimu, kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema bado. Akaniambia kwamba kwenye ngazi huwa anasimama mara nne na kujifanya anafunga kamba za viatu, na kwamba wiki iliyopita alikuta wenzake watatu wamesimama ngazi moja, wote wameinama, wote wanafunga kamba.  Alijaribu kulicheka hilo, akashindwa.

Nilikwenda kwa Mzee Mwakisu. Alikuwa ofisini amevaa koti moja kati ya yale matatu, anakula viazi vya baridi. Yeye kama mimi hana kipasha. Nilimweleza nikiangalia meza, na ilichukua muda mrefu kwa sababu maneno yalikuwa hayapangiki. Alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, na nilimwona uso ukizeeka.

Aliniuliza ni wangapi nadhani hawatafika ishirini. Nikasema labda saba. Akasema watu wanne hawawezi kutoa madebe elfu na mia mbili kwa siku tano. Nikasema najua. Akaniuliza kama najua mle ndani mna nini, akaanza kunitajia: ulezi wa Ukinga, mtama mwekundu, mahindi ya kule bondeni ambayo hayashambuliwi na viwavi, mbegu za watu ambao wameishi kambini kwa miaka wakisubiri. Alitaja kwa muda, kwa sauti isiyo na hasira, akaishia kwenye maharage yetu.

"Mzee, nifanye nini?" nilisema.

Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Binti, sheria inasema mimi nisishike daftari wala ufunguo. Waliweka hivyo makusudi, ili mtu kama mimi, mwenye ghala la kuokoa, asije akaamua. Nikikuambia uendelee kama jana, nitakuwa nimewaua. Nikikuambia uwazime, nitakuwa nimetupa mbegu za watu elfu arobaini. Nimechoka, sitaki kukuambia lolote. Hiyo ndiyo kweli yangu."

Alinisogezea kiazi kimoja. Sikukila. Redio ya kumpata Daktari Hobokela ilikuwa imeungua pamoja na lifti.

*

Tuli alikuwa macho niliporudi. Alikuwa ameketi palepale, sahani ya ugali imekwisha miguuni, vidole vyake vikitetemeka juu ya blanketi asilolihitaji. Alisema Obadia ameshamwambia. Obadia hana kifua cha kuweka siri.

Aliongea sana jioni ile, haraka, akikata katikati ya sentensi ili kuvuta hewa. Alisema anajua. Alijua tangu mwezi wa saba, siku aliyoshindwa kupanda ngazi na debe akakaa chini kwenye giza mpaka moyo uliokuwa ukipiga kama mtu anayekimbizwa ukatulia. Alisema akilala chali rovu linamkaba kama mkono. Alisema wengi wanajua, kila mtu kivyake, na kila mtu alikuwa anategemea daftari limkatalie, na kila asubuhi daftari likasema yeye ni mzima, basi akaamini daftari. Aliposema hivyo nilitazama chini.

Kisha akaniomba.

"Mdogo wangu, niache siku tano. Tano tu. Safu ya nyuma tutaifikia siku ya nne. Baada ya hapo nizime, nirudishe bondeni, nifunge kamba kama mbuzi ukitaka."

Nikamwambia kwamba Obadia ni kumi na tatu.

"Sikuulizi Obadia."

"Siwezi kukuacha wewe nikamzima yeye."

"Basi tuache wote. Siku tano, watu wazima. Umetuuliza?" Alivuta hewa. "Mama alipokufa mimi nilimwahidi nini? Wewe na yale maharage. Wewe umekua. Mimi nimebakiwa na yale."

 Nilitaka kusema kwamba mama angechagua, lakini sikujua mama angechagua nini, na Tuli alimjua zaidi yangu. Niliosha sahani. Nilimpangia mito. Niliketi kitandani kwangu nikimsikiliza akipumua, na mluzi ule sasa niliusikia hata nilipoziba masikio.

*

Asubuhi nilisimama kando ya ndoo, chini ya bomba. Walikuja wakiongea, wakasimama waliponiona pale. Mzee Mwakisu alisimama mbali, karibu na mlango, amekunja mikono.

Sijawahi kuwahutubia watu. Nilisema leo tunahesabu kwa mwendo wa tone. Nilisema hivyo tu. Sauti ilitoka ndogo, mmoja akaniomba nirudie, nikarudia.

Wa kwanza alifika kumi na sita. Niliandika, nikachukua ufunguo, nikauweka kooni mwake. Kipasha kilitoa mlio kama wa mende anayekanyagwa. Alinitazama kama nimempiga kofi. Wa pili alifika ishirini na mbili, akapita, akasimama kando huku akiwaangalia wenzake kwa aibu. Wa tatu kumi na mbili. Mmoja alijaribu kukimbia mbele ya matone, nikatikisa kichwa, akaanza upya, akaishia kumi na moja na kulia kwa hasira. Aliniambia mimi nimelala kwenye makoti miaka miwili huku wao wanaungua, na leo ndiyo nimekumbuka huruma. Nilisema ndiyo. Ilikuwa kweli.

Obadia alijileta mwenyewe, akainua kidevu kabla hata ya kuhesabu. Nikamwambia ahesabu kwanza, lazima liandikwe. Kumi na tatu.

Tuli alikuwa wa mwisho.

Alisimama karibu kuliko wengine. Niliona mishipa ya shingo ikicheza pembeni mwa rovu. Alivuta hewa, mabega yakapanda mpaka masikioni, akaanza. Hakukimbia. Alinipa kila namba na tone lake, akinitazama usoni, kama alivyonifundisha kuhesabu zamani kwa punje za mahindi. Sita. Saba. Nane. Kwenye tisa midomo ilianza kupauka. Kumi. Nilikunja kidole kimoja. Baada ya hapo sauti iliisha, lakini midomo iliendelea kucheza, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, bila hewa yoyote, na macho yake yakaniomba niandike alichokuwa anasema.

Matone yaliendelea kuanguka kwenye ndoo.

Niliandika kumi. Nilipoinua ufunguo, alinishika mkono. Hakunisukuma wala kuuondoa, alinishika tu, na mkono wake ulikuwa wa moto kama wa mtu mwenye malaria. Tulikaa hivyo. Mimi nilikuwa naomba aniachie na naomba asiniachie. Kisha vidole vyake vililegea, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka, nikamzima.

Walibaki watu watatu. Nilikuwa nimekosea hata hilo.

*

Wale watatu walifanya kazi siku zote tano. Mimi na Mzee Mwakisu tulivaa yale makoti na kuingia pamoja nao, ingawa mtu asiye na kipasha hawezi kukaa mle zaidi ya robo saa bila kutoka nje kuota jua. Nilibeba debe moja, nikatoka, nikaota jua, nikarudi. Tulikwenda kwa orodha, safu ya mbele kwanza, kwa sababu huwezi kufika nyuma bila kutoa mbele. Siku ya nne maji yalikuwa magotini. Nilipita kati ya safu nikafika nyuma, nikaliona jina la kijiji chetu kwenye bati, nikaweka kiganja juu yake. Kati ya debe lile na mlango kulikuwa na safu tatu zilizobanana, na kulitoa ilikuwa lazima niangushe za watu wengine majini. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nilichukua debe lililokuwa karibu nami, la ulezi, nikapanda nalo.

Siku ya sita zege lilimwagwa. Tulikuwa tumetoa madebe mia nne na thelathini na moja.

Tuli aliniuliza swali moja tu.

"Ya nyumbani?"

"Hayakutoka."

Aligeuka akatazama ukuta, na hakusema nami tena kwa siku nyingi. Nilimletea chakula akala. Nilimletea maji akanywa. Homoni iliyobaki kwenye damu haiondoki kwa siku moja, daktari alikuwa ameniambia, inachukua wiki kadhaa, kama mkaa unaozimika taratibu chini ya majivu. Kila mchana nilihesabu pumzi zake akiwa amelala ameketi. Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Siku moja thelathini na mbili tena, nikatoka nje nikakaa nyuma ya ukuta wa jiko. Ishirini na sita.

Obadia alikuja siku ya kumi, amevaa sweta ya mtu mwingine, anatetemeka. Alisema hajui watu wanaishije na baridi hii. Aliniita Mwalimu. Tuli hakucheka.

Siku ya kumi na saba, saa nane mchana, nilikuwa nafua ukumbini alipotoka mlangoni amejifunika blanketi mpaka kichwani. Alikuwa amesimama bila kushika ukuta. Aliniuliza kama kuna blanketi la pili, anasikia baridi. Nilimpa langu. Alilipokea akabaki amesimama, akilitazama bomba la juu ya mlango. Chumba cha saba kilikuwa kimezibwa lakini bomba lilikuwa bado linatoa yaliyobaki, tone moja, kisha jingine baada ya muda.

Alirudi chumbani. Nilipomfuata na nguo za kuanika, mito miwili ilikuwa chini, na gunia lilikuwa limekunjwa kando. Dada yangu alikuwa amelala chali, miguu imenyooka, mdomo umefunga. Nilikaa kwenye kitanda changu na nguo mbichi mapajani, nikatafuta saa ya ukutani, nikaanza kuhesabu.

"Usihesabu kwa sauti," alisema, macho yamefumbwa. "Nimechoka kusikia namba."

Basi nilihesabu kimya kimya. Ishirini na moja.